Je, wajua kwa nini boti haiwezi kupanda Malagarasi kutoka Kigoma hadi Tabora?

Kwenye ramani safari hii inatamanisha. Mto Malagarasi unamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma, na tawimto lake, Ugalla, linatokea Tabora. Mwenye boti yake atawaza kwamba Aprili mto ukijaa, awashe injini Kigoma apande taratibu, akitazama ndege, mpaka Unyamwezini.

Haiwezekani, na kizuizi ni Bonde la Ufa. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati vinamasi vya Malagarasi viko juu ya mita 1,000. Huko juu mto umetulia, umetanda katikati ya matete. Ukishapita Uvinza unafika ukingo wa bonde na kuanza kuporomoka juu ya miamba, na Igamba ndiyo maporomoko yanayojulikana zaidi. Maji yakijaa ndiyo kwanza yanazidi kasi.

Mto huu ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe. Ulikuwa ukielekea Kongo kabla ardhi haijadidimia na kuukata njiani, ndiyo maana hadi leo una samaki ambao jamaa zao wako Mto Kongo. Hilo hunishangaza kila nikilifikiria.

Misafara ya Ujiji nayo ilikwenda kwa miguu; mto ulikuwa wa kuvuka tu. Mwandishi na mpelelezi Henry Morton Stanley alipovuka mwaka 1871, watu na mizigo walipita kwa mitumbwi. Punda mmoja akaogeleshwa akiwa na kamba shingoni, mamba akamdaka kooni, na waliovuta kamba hawakuweza kumwokoa.

Anayeupenda mto huu augawe mara mbili. Upande wa ziwani, aingie mdomoni karibu na Ilagala na kugeuza kabla ya miamba. Upande wa juu, aombe kibali aende eneo oevu la Malagarasi-Moyowosi, la kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu muhimu duniani, mwaka 2000. Humo anaishi korongo nyangumi, ndege mrefu mwenye domo pana kama kiatu. Aende mvua zinapoisha, maji yakiwa bado mengi, na achukue mtumbwi wa pondo, maana injini hunasa majani. Kiangazi kikikolea Ugalla hukatika, yakabaki madimbwi ambamo viboko na mamba hubanana, na hapo si mahali pa kupeleka chombo.