"Ni katuni tu" haijibu swali

Nimechoka kusikia "ni katuni tu". Mzazi ananiletea mtoto wa miaka mitatu anayeamka usiku akipiga mayowe, namuuliza ametazama nini, najibiwa hivyo, tena kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Katuni ni namna ya kutengeneza filamu, jamani. Haina umri.

Madaraja ya filamu nayo, yale ya umri wa watazamaji, msiyaegemee sana. Hata wanaotoa G kule Marekani, yaani filamu ya watu wa umri wote, wanasema wazi kwamba daraja hilo halimaanishi filamu ya watoto.

Kinachoniudhi zaidi ni namna tunavyokagua. Mzazi anatafuta busu, damu na mchawi. Asipoviona anawasha, anaingia jikoni. Sasa chukua Pinocchio ya Disney, ya mwaka 1940, katuni ya kikaragosi cha mti kinachotaka kuwa mtoto wa kweli, yenye G hiyo hiyo. Wazazi wanamhofia nyangumi, na wachache wanalalamikia sigara na bia. Mimi namhofia Lampwick, yule mtoto mtukutu anayegeuka punda. Anaota masikio ya punda, anacheka, na kicheko kinatoka mlio wa punda. Anajishika uso, anajiona kwenye kioo. Anamng'ang'ania Pinocchio akiomba msaada, na mikono ile ile inageuka kwato mbele ya macho yetu. Kisha tunaona kivuli tu ukutani, na sauti inaita "Mama!" mpaka inakuwa mlio wa mnyama.

Damu hakuna hata tone. Lakini mtoto mdogo huamini anachokiona: sura ikibadilika, mtu kabadilika. Watafiti Glenn Sparks na Joanne Cantor waliliona hili miaka ya 1980 walipowaonyesha watoto kipande cha Incredible Hulk, tamthilia ya runinga ambamo shujaa hugeuka jitu la kijani, Hulk, na kuokoa watu. Watoto wakubwa waliogopa kabla Hulk hajatokea, shujaa akiwa hatarini. Wadogo waliogopa zaidi baada ya kutokea, ingawa ndiye mwokozi mwenyewe! Na huyu Lampwick ni mtoto kama huyo mdogo anayemtazama, anamwita mama, na mama haji.

Hapo ndipo naambiwa, "Mbona bibi zetu walitusimulia mazimwi?" Walitusimulia, ndiyo. Ila zimwi la bibi ulilichora mwenyewe kichwani, kwa ukubwa ulioumudu. Na bibi akiona umekodoa macho, aliingiza wimbo au alilitumbukiza zimwi shimoni mapema. Runinga haimtazami mtoto.

Umri gani basi? Vitabu vyetu sisi tunaohudumia watoto vinaandika miaka mitano, miaka saba, kana kwamba kuna geti. Nimeona wa miaka minne akimcheka punda huyo hadi machozi, na wa minane akijificha nyuma ya kochi. Bruno Bettelheim, mwandishi wa saikolojia ya watoto, aliandika mwaka 1976 kwamba ngano za kutisha humsaidia mtoto kuzikabili hofu zake, na kuna siku namkubali kabisa, hasa nikikutana na mtoto aliyekingwa na kila kitu. Sina kipimo cha kukupa. Tazama kwanza wewe, halafu keti naye.

Akiganda, usimwambie "si kweli". Maneno hayo yanawafaa watoto wakubwa. Mpakate, mpe maji, zima. Wapo wanaomlazimisha aendelee ili mwisho mzuri umtulize. Pinocchio anakuwa mtoto kamili, sawa, lakini Lampwick hatajwi tena.