Subiri "ila": simu ya kuwajulia hali wazazi walio mbali

Mzazi hasemi anaumwa mwanzoni mwa simu. Ukimuuliza hali, jibu la kwanza ni "hatujambo", la pili "wazima kabisa", na la tatu ndilo lenye habari: "wazima, ila huu mguu ndio unanisumbua kidogo." Hilo "ila" huja dakika ya tatu au ya nne, baada ya salamu kuzunguka nyumba nzima, wajukuu, majirani na mvua. Anayepiga akiwa kwenye daladala, dakika moja na nusu, hukata kabla halijafika. Mwezi ukipita anaambiwa baba amelazwa, naye anashangaa: "Mbona juzi alisema mzima?" Ni kweli alisema. Hakusubiriwa tu.

Nafanya kazi ya ustawi wa jamii, upande wa wazee. Watoto walio mjini au ughaibuni wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia waanze na simu moja kila wiki, siku ileile, wakati uleule, dakika 7 hadi 10, isiyoomba kitu wala kuahidi kitu. Simu ya saa nzima kila baada ya miezi miwili ni tamu, lakini haikupi cha kulinganisha. Ukiisikia sauti ya mama kila Jumapili, Jumapili anayopumzika katikati ya sentensi ili avute pumzi utaitambua mwenyewe, hata kama hajasema lolote.

Wakati wa simu usiupange kwa saa, upange kwa jambo analolifanya kila siku: baada ya swala ya isha, au baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Asubuhi mkulima yuko shambani na simu iko nyumbani. Kijijini ambako simu huchajiwa dukani au kwa sola ya jirani, uliza kwanza huchajiwa siku gani, kisha chagua usiku wa siku hiyo. Ramadhani ikiingia ratiba yote hubadilika, kwa hiyo kubalianeni upya kabla ya mwezi kuandama.

Aliye nje ya nchi afuate saa ya mzazi. Mama akipokea saa mbili na nusu usiku, kwa mtoto aliye Muscat au Dubai ni saa tatu na nusu mwaka mzima. Aliye London atapiga saa kumi na mbili na nusu jioni wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi, kwa sababu Uingereza hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hapo ndipo simu nyingi za kila wiki hufia: mtoto anasahau mara moja, mama anakaa na simu mapajani, wiki inayofuata hakai tena. Kuna na hili la watoto waliozaliwa huko: ukimwambia "saa tatu usiku" ataweka kengele kwenye 3:00. Mwandikie 21:00.

Ndani ya simu yenyewe, usiruke salamu. Shikamoo kwanza, uitikiwe marahaba, ndipo uulize za nyumbani, na umwache naye akuulize. Kwa aliyezoea haraka za mjini huonekana ni dakika mbili zilizopotea, lakini ndizo zinazofungua mlango wa "ila". Baada ya hapo acha maswali mapana. "Mnaendeleaje?" limeshajibiwa. Uliza kitu chenye umbo: "Yule kuku ameshatotoa?" "Leo mchana mmekula nini?" "Fundi wa bati alirudi?" Mzee anayekula vizuri atakutajia chakula bila kufikiri. Anayeng'ang'ania "tumekula, tumekula" bila kusema nini, mrudie taratibu wiki ijayo.

Ili uwe na maswali ya namna hiyo unahitaji daftari. Ukishakata, andika mistari mitatu: nani alitajwa, nini kilikuwa kinasubiriwa, lini. Simu inayofuata ianzie hapo. Mzazi akiona umekumbuka jina la daktari wa meno au deni la mbegu, anajua alisikilizwa.

Dawa za presha na sukari zina swali lake. "Unakunywa dawa?" huleta "ndiyo" siku zote. Uliza vidonge vimebaki vingapi, umpe muda akavihesabu. Aliyeanza na vidonge 30 tarehe 1, akimeza kimoja kila asubuhi, jioni ya tarehe 10 awe na 20. Vikibaki 26, ameacha, na mara nyingi sababu ni kwamba alijisikia nafuu akaona presha imekwisha. Usimgombeze. Mwambie nafuu hiyo imeletwa na dawa, na mkumbushe kesho yake kwa meseji ya maneno matano. Lakini usihesabu vidonge kila wiki, maana simu itageuka mahojiano. Mara mbili kwa mwezi inatosha.

Kuhusu kusikia, watu wengi hukosea. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za s, sh, f na t, huku irabu zikibaki. Kupiga kelele hakusaidii, na spika ya kitochi ikiwa juu kabisa hukwaruza maneno zaidi. Ongea polepole, sentensi fupi, na jihadhari na "sita" na "tisa": irabu zao ni zilezile, kinachozitofautisha ni hizo herufi mbili tu anazozikosa. Sema "tisa, yaani kumi kasoro moja", au taja tarehe pamoja na jina la siku.

Baba ni somo la peke yake. Simu ikimfikia atasema "hatujambo, huyu hapa mama yako," na mazungumzo yameisha. Si kwamba hakupendi. Wengi wao walizoea simu kuwa ya shughuli, basi mpe shughuli. Mpigie kwenye namba yake, saa nyingine, dakika tatu, ukiwa na swali moja analolijua kukuzidi: mpaka wa kiwanja, mbao za kufaa kenchi, namna ya kumwita mzee fulani kwenye kikao cha posa. Jibu lake lifanyie kazi, na wiki inayofuata mpe mrejesho. Swali la uongo atalijua mara moja.

Sasa pesa. Watasema mkono mtupu haulambwi, na mimi sibishani na methali, ila natenganisha siku. Simu iwe Jumapili, pesa iende Jumatano, pamoja na ya kutolea. Zikienda pamoja, simu huwa "simu ya hela", na mwezi mtoto akiwa hana kitu huona haya kupiga. Ndivyo anavyopotea, mwezi mmoja unakuwa minne. Kubalianeni pia kwamba hakuna anayetuma pesa kwa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" mpaka asikie sauti ya mwenyewe kwenye namba ya siku zote.

Mkiwa ndugu kadhaa, gawaneni siku, kila mtu na yake. Asiyeweza abadilishane na mwenzake, asifute, na taarifa imfikie mzazi kabla ya wakati, si baada. Angalieni sana mzigo wote usimwangukie dada mkubwa kwa sababu "yeye ndiye anayejua kuongea na mama". Kwenye WhatsApp wekeni magrupu mawili, la michango na la salamu. Yakichanganywa, wasio na mchango hunyamaza kote kuwili.

Kwa wajukuu walio mbali, sauti iliyorekodiwa ni bora kuliko video. Dakika moja ya sauti haifikishi hata MB moja, mtandao hafifu unaiweza, na bibi anaweza kuirudia mara kumi. Walio Dubai wanajua pia kwamba simu za WhatsApp zimezuiwa huko kwa miaka mingi, lakini sauti zilizorekodiwa hupita. Mtoto asiyekijua Kiswahili vizuri hana la kusema baada ya shikamoo, kwa hiyo mpeni mchezo. Kila Ijumaa bibi atume kitendawili: "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto ana wiki nzima ya kukitegua, na akishindwa ampe bibi mji, kama ilivyo desturi. Bibi akipewa mji wa Toronto atasimulia alivyoutawala, kisha ndipo ataje yai. Kwa mwaka mmoja huo ni mkusanyiko wa vitendawili hamsini, kwa sauti yake.

Mpe mzazi naye njia ya kukufikia bila salio. Bipu moja maana yake nipigie ukipata nafasi, bipu mbili mfululizo nipigie sasa hivi. Na siku yako ikifika asipopokea, jaribu mara tatu ndani ya saa moja, kisha mpigie jirani. Namba ya jirani na ya mwenyekiti wa kitongoji ziwe kwenye simu yako kabla hazijahitajika, na jirani huyo mpigie hata mara moja kwa miezi miwili kumsalimu tu. Vinginevyo kila akiona namba yako ataogopa kuipokea.