Maji shwari si dalili ya upepo salama

Wengi Bagamoyo huamini kwamba bahari ikiwa shwari ufukweni, ndiyo saa salama ya kuteleza kwa tiara, yaani kusimama juu ya ubao majini ukivutwa na tiara. Inaeleweka, maana mawimbi huonekana, upepo hauonekani. Ila umande, upepo utokao bara alfajiri, huacha maji yametulia kwa sababu haujapata nafasi ya kuinua mawimbi. Tiara ikianguka, unasukumwa bahari kuu. Tena huvuma kwa kushtukiza, minazi na majengo yakiukatakata.

Simama ukitazama bahari, rusha mchanga mkavu: ukipeperukia majini, tafadhali usiingie. Subiri upepo wa kusi au wa kaskazi uje kwa ubavu, ukielekea kidogo nchi kavu. Angalia na mwezi: mwezi mchanga au mpevu huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na yakipwa sana pezi la ubao hukwama chini.