Liege & Lief: sikiliza dramu kwanza

Watu wakiisifu Liege & Lief, albamu ya bendi ya roki ya Uingereza, Fairport Convention, iliyotoka Desemba 1969 na kuingiza nyimbo za kale kwenye roki, huanza na sauti ya Sandy Denny, kisha gitaa la Richard Thompson. Siwabishii. Ila mimi ni mpiga dramu, na kwa masikio yangu kazi ngumu kuliko zote aliifanya Dave Mattacks, kule nyuma.

Nyimbo za masimulizi za Uingereza na Uskoti ziliimbwa karne kwa karne na mtu mmoja, mara nyingi bila ala yoyote. Mwimbaji akitaka, anavuta neno, akitaka, anapumua. Mwekee dramu za roki, umeshamfunga kamba, na hadithi inakufa.

Mattacks alitokea kwenye bendi za kumbi za dansi. Alichukua nafasi ya Martin Lamble, kijana wa miaka 19 aliyefariki Mei mwaka huo gari la bendi lilipopata ajali kwenye barabara ya M1. Kiangazi kile kundi zima, na mpiga fidla Dave Swarbrick, lilihamia nyumba moja huko Farley Chamberlayne, Hampshire, kufanya mazoezi. Ashley Hutchings wa besi alikuwa akichimbua nyimbo za kale katika maktaba ya Cecil Sharp House, London.

Chukua “Matty Groves”. Mke wa bwana mkubwa anamtamani kijana kanisani, anamkaribisha kwake. Mtumishi anatoka mbio kwenda kumwambia bwana, anafika mtoni, anavua viatu, anaogelea. Mwisho wake ni upanga. Muda wote huo Mattacks haleti madoido. Anashika mwendo tu, maneno yapite. Wapenzi wote wawili wakishauawa, ndipo bendi inapofunguka, fidla na gitaa zikifukuzana hadi wimbo unatimiza dakika 8.

“Tam Lin” ni kinyume chake. Humo dramu, besi na gitaa zinagonga kwa pamoja, nzito, na hesabu ya mapigo haitulii. Jaribu kuicheza uone miguu itakavyogongana. Lakini inafaa: msichana amemkumbatia mpenzi wake, na mpenzi huyo anageuzwa kwa uchawi mikononi mwake, mara nyoka, mara simba, na msichana akimwachia tu, amempoteza.

Albamu ilipofika madukani, Denny na Hutchings walikuwa wameshaondoka. Hutchings akaunda Steeleye Span, kundi ambalo mwanzoni halikuwa na mpiga dramu wake. Kwenye albamu yao ya kwanza, ya 1970, mmoja wa waliokuja kuwapigia ni Mattacks.