King'ora Kinacholia Alfajiri Kina Taarifa

Mteja wangu mmoja wa hapa Dar es Salaam, anayekaa karibu na bahari, aliniletea gari ambalo king'ora chake kililia kila ilipokaribia alfajiri, na alikwisha kushauriwa akate waya ili majirani wapate usingizi. Nilimsihi tusikate chochote kabla ya kusoma alamu yenyewe inalalamikia nini.

Kompyuta ndogo ya alamu, iliyofichwa chini ya dashibodi, huweka umeme mdogo sana kwenye waya wa kila swichi. Katika mfumo kama ule, mlango ukiwa umefungwa waya wake hubaki na takriban volti 12, na ukifunguliwa swichi huugusisha waya na bodi la gari, volti zikashuka karibu na sifuri. Sensa ya mtikisiko ni tofauti, kwani yenyewe huzalisha umeme kidogo inapotikiswa, nayo kompyuta hulinganisha nguvu ya mshtuko na kiwango alichokiweka fundi.

Alamu nyingi, ukizizima kwa rimoti baada ya kulia, humulika taa ndogo ya dashibodi kwa idadi maalumu inayotaja sehemu iliyoziamsha. Hii ilimulika mara tatu, na jedwali la kitabu chake likasema boneti. Niliikuta swichi ya boneti ina ukoko wa kijani wa kutu na chumvi ya bahari. Niliponyunyizia maji kidogo badala ya umande, mita ilisoma volti 4 ilhali pini ya swichi, ile inayobanwa na boneti iliyofungwa, ilikuwa imebanwa chini kabisa. Kompyuta iliamini boneti imefunguliwa, na kwa ilichoambiwa na waya ilikuwa sahihi. Swichi mpya ilimaliza tatizo.

Hitilafu inayonitia hofu zaidi ni ile isiyolia. Katika mfumo wa namna hii, waya uliokatika hubaki na volti 12 zake, hivyo kompyuta huuona mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Mifumo bora huweka rezista (kipande kinachozuia kiasi cha umeme) ndani ya swichi, ikaweza kutofautisha kufungwa, kufunguliwa na kukatika. Kama yako haina, teremsha kioo, funga gari kwa rimoti, subiri dakika moja, kisha ingiza mkono ufungue mlango kwa ndani. Rudia kwa kila mlango, na ule usioamsha king'ora ndio wa kuanza kuupima.