Jeti ya kabureta haichokonolewi kwa waya

"Jeti imeziba? Ichokonoe na waya." Wenye jenereta, pampu za maji na mashine za kukata nyasi wanaambizana hivi kila siku, na kabureta nzima zinageuka vyuma chakavu. Jeti ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu, ndani ya kabureta inayochanganya petroli na hewa, nacho ni kipimo cha petroli inayopita. Tundu lake limetobolewa kwa vipimo kamili, na kwenye jeti ndogo, inayolisha injini kwenye mzunguko wa chini, kipenyo mara nyingi hakifiki hata milimita 0.5. Shaba ni laini, waya wa chuma ni mgumu. Tundu la milimita 0.40 likipanuka hadi 0.44, eneo la kupitisha petroli limeongezeka kwa asilimia 21. Injini itatoa moshi mweusi, plagi itajaa masizi, mafuta yatakwisha upesi, na tundu halirudi lilivyokuwa.

Fanya hivi. Funga koki ya mafuta, chomoa kofia ya plagi, fungua bakuli la petroli lililo chini ya kabureta. Tumia bisibisi inayojaa mfereji wa jeti, maana kichwa chake kikishalika, jeti haitoki. Nyuma ya jeti kuu kuna kibomba chenye vitundu ubavuni, cha kuchanganya petroli na hewa. Kitoe! Wengi wanakiacha humo, na uchafu umejificha hapo hapo. Ondoa boya, nidili (sindano inayofunga petroli boya likipanda) na oringi zote kabla ya kuloweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kwa sababu dawa kali huvimbisha mpira. Kisha vaa miwani na upulize kwa kompresa kutoka pande zote mbili. Itazame jeti kwenye mwanga: tundu lionekane la mviringo, safi. Bado kuna utando? Loweka tena, au weka jeti mpya yenye namba ileile. Ukilazimika kupitisha kitu, kiwe uzi wa nailoni mwembamba kuliko tundu.

Kupulizia dawa mdomoni mwa kabureta huku injini inanguruma husafisha koo na kipepeo tu. Gundi ya petroli iliyolala muda mrefu iko chini, kwenye bakuli na jeti.

Injini ikipanda na kushuka yenyewe, utasikia "kaza gavana", yaani kidhibiti cha mzunguko wa injini. Usiiguse. Vuta choki nusu: ikitulia, petroli haitoshi, kwa hiyo kagua jeti ndogo na gasketi ya kabureta inayovuta hewa. Gavana ikichezewa, mzunguko unaweza kupita kiasi na konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ikakatika.

Kabureta inayomwaga petroli si lazima iwe na boya lililotoboka. Litikise, kama halina petroli ndani, tazama ncha ya nidili na kiti chake.

Na "pampu imekufa", yaani pampu ya petroli ya injini? Legeza kwanza kifuniko cha tangi. Injini ikipata nguvu, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Kisha badilisha chujio. Pampu ya diaframu (utando unaosukuma petroli) isiyo na waya wa umeme huendeshwa na mapigo ya shinikizo kutoka chumba cha kranki, kupitia mpira mwembamba. Ukipasuka, pampu nzima inalala. Chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa na uzungushe injini: petroli itoke kwa kuruka-ruka. Ukikuta petroli ndani ya ule mpira wa mapigo, diaframu imechanika. Kwenye injini ya mipigo minne, kagua pia oili: ikinuka petroli au kimo chake kikiwa kimepanda, imwage yote na uweke mpya kabla hujawasha tena.