Tanzia si taarifa ya msiba: tunavyoikosea tamthilia ya Wagiriki tunapotazama filamu

Ukiamka asubuhi ukakuta neno TANZIA kwa herufi kubwa kwenye kundi la familia la WhatsApp, moyo unakudunda kabla hujafungua ujumbe. Unajua mtu kaondoka, kilichobaki ni kujua nani. Neno hilohilo ndilo walimu wetu wa fasihi walilolichukua kuuita ule utanzu wa tamthilia uliostawi Athens katika karne ya 5 K.K. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Mtu anatazama filamu, mhusika mkuu akifa mwishoni anasema hii ni tanzia, asipokufa anasema si tanzia. Nimeyasikia haya kwa wanafunzi, kwa wachambuzi wa filamu mitandaoni, hata kwa watu wanaoandika miswada. Yananiuma, kwa sababu mtu mwenye dhana hiyo hupitwa na kitu chenyewe kikiwa mbele ya macho yake.

Dhana: tanzia lazima iishie kwenye kifo

Tamthilia tatu za Aeschylus, mtunzi wa Athens, kuhusu ukoo wa Agamemnon, zilizochezwa mwaka 458 K.K., zinaanza na mfalme kuuawa bafuni na mkewe. Katika ya pili mtoto anamuua mama yake. Ya tatu inaishia mahakamani: Orestes, mtoto huyo, anaachiwa huru, miungu wa kisasi wanapewa makao ya heshima, na watu wanaondoka kwa maandamano ya mienge na nyimbo. Katika Philoctetes ya Sophocles, mtunzi mwingine wa Athens, ya mwaka 409 K.K., mgonjwa aliyetelekezwa kisiwani kwa miaka mingi anaondoka kwenda kutibiwa. Zote hizi Waathene waliziita tanzia bila kusita.

Aristotle mwenyewe, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeandika juu ya utanzu huu baada ya watunzi wake wakubwa kuwa wamekwisha kufa, anasifu mahali pamoja visa vinavyoishia kwenye maafa. Kisha, sura inayofuata, anasema kisa bora kuliko vyote ni kile ambacho mtu yu karibu kumuua ndugu yake bila kumjua, akamtambua kabla hajamgusa. Wataalamu wamevutana sana juu ya kauli hizo mbili. Ninachokiona mimi ni kwamba hakuna inayotaka maiti. Kinachotakiwa ni huruma na woga, na mtu anaweza kuogopa mpaka akatetemeka kwa jambo ambalo mwishowe halikutokea.

Dhana: shujaa huanguka kwa dosari ya tabia, hasa kiburi

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na imeingia mpaka kwenye madaftari ya shule. Othello wa Shakespeare ana wivu, Macbeth ana tamaa, Oedipus ana kiburi. Andika, pata alama.

Neno alilolitumia Aristotle ni hamartia. Linatokana na kitenzi ambacho washairi wa zamani walikitumia kwa mtu aliyerusha mkuki usimpate adui. Na hapa lugha yetu imebarikiwa kuliko Kiingereza, kwa sababu tunacho kitenzi chenye sura ileile. Risasi ilimkosa. Alimkosea mama yake. Nilipita kwako jana nikakukosa. Kukosa shabaha, kukosea mtu na kutokuwa na kitu vyote vimekaa ndani ya mzizi mmoja. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuzunguka na "dosari". Akisema kosa, wanafunzi wamefika. Bahati mbaya, neno lilelile la Kigiriki ndilo waandishi wa Agano Jipya walilitumia karne kadhaa baadaye, na katika Biblia zetu limetafsiriwa dhambi. Wasomaji wengi wa Ulaya walirudi kwa Aristotle wakiwa wamebeba mzigo huo, wakaanza kutafuta dhambi ya kila shujaa.

Aristotle anasema wazi kwamba mtu huyu hakuanguka kwa uovu wake. Mchukue Oedipus, mfalme wa Thebes katika tamthilia ya Sophocles. Anasikia unabii kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Anafanya nini? Anahama. Anaacha mji wa Korintho, nyumba na urithi, ili asiwadhuru wazazi anaowapenda, asijue kwamba wale ni walezi tu. Kwenye njia panda mzee mmoja aliye garini anampiga kichwani kwa fimbo ya kuswagia wanyama, naye anarudisha pigo na kumuua, asijue kwamba ndiye baba yake mzazi. Ndiyo, ana hasira za karibu. Lakini kilichomponza ni kutojua, na hatua aliyoichukua kwa mapenzi ndiyo iliyompeleka palepale alipokuwa anapakimbia. Mshale umekosa.

Hata neno la Kigiriki ambalo watu hulitafsiri kama kiburi, hubris, pale Athens lilikuwa kosa la kushtakiwa: kumdhalilisha mtu mwingine, kwa kipigo au vinginevyo, kwa raha ya kumdhalilisha. Aristotle hakuifanya hubris kuwa nguzo ya tanzia.

Nalisisitiza hili kwa sababu linaharibu filamu. Mwandishi wa mswada anaambiwa ampe shujaa wake dosari, basi anampa ulevi au tamaa ya pesa, kisha anamwadhibu dakika ya tisini. Hiyo ni hadithi ya maonyo. Tunazo nyingi, nazo zina kazi yake. Mtazamaji wa hadithi ya maonyo hujiambia, "mimi si mlevi, hayanihusu." Mtazamaji wa tanzia hana pa kujificha, kwa sababu kila mtu hutenda bila kujua yote.

Dhana: kila kitu kimeshaandikwa, binadamu ni kikaragosi cha miungu

Unabii ulisema Oedipus ataua na ataoa. Haukusema popote kwamba ni lazima aje ajue. Tamthilia ya Sophocles inapoanza, kuua kumeshapita na kuoa kumeshapita, watoto wanne wamezaliwa. Tunachokitazama jukwaani ni upelelezi. Tauni imeingia mjini, mfalme anaapa kumtafuta muuaji wa mfalme aliyemtangulia, na kila mwenye fununu anamsihi aache. Mwonaji kipofu anamsihi. Mkewe anamsihi. Mchungaji mzee anamsihi. Hakuna mungu anayemsukuma mgongoni. Anauliza mwenyewe, na swali la mwisho analiuliza akiwa karibu ameshajua jibu.

Kuna pahali katika tamthilia hiyo ambapo Aristotle alipatolea mfano, na kila ninapopasoma hunishika. Mjumbe anafika kutoka Korintho na habari ambayo kwake ni njema: mzee Polybus, aliyemlea, amefariki, Oedipus anaitwa kutawala. Oedipus anapumua, baba hakuuawa na mkono wake. Ila bado anamwogopa mama. Mjumbe, kwa wema kabisa, anataka kumtua mzigo: usiogope, wale hawakukuzaa, mimi mwenyewe nilikupokea ukiwa mchanga kutoka kwa mchungaji, vifundo vya miguu vimetobolewa. Jocasta, mkewe, amesimama pale. Ameshaelewa kwamba mumewe ni mwanawe. Oedipus bado. Jocasta anamwomba asiulize zaidi, Oedipus anadhani mkewe anaona haya kuolewa na mtoto wa mtumwa. Kisha Jocasta anaingia ndani. Waigizaji wa Athens walivaa barakoa, kwa hiyo hakuna aliyeuona uso wa Jocasta ukibadilika. Watu walijua kwa sababu alinyamaza. Mwongozaji wa filamu anayeifahamu sanaa yake angeiacha kamera kwa mwanamke huyo huku wanaume wawili wakiendelea kuongea pembeni.

Ndiyo maana watoto halisi wa Oedipus katika sinema si zile filamu za mashuka meupe na nguzo za marumaru. Ni filamu za upelelezi ambamo anayetafuta anagundua kwamba njia inarudi mlangoni kwake. Oldboy ya Park Chan-wook, ya mwaka 2003, ina mtu aliyefungiwa miaka 15 bila kuambiwa sababu. Incendies ya Denis Villeneuve, ya mwaka 2010, inatokana na tamthilia ya Wajdi Mouawad, mzaliwa wa Lebanon, na ina mapacha wanaotumwa na wosia wa mama yao kutafuta watu wawili. Sitamaliza hadithi hizo hapa. Na Ola Rotimi, mtunzi wa Nigeria, alipoipeleka hadithi ya Oedipus katika nchi ya Wayoruba na kuionyesha Ife mwaka 1968, aliipa jina linalosema miungu si ya kulaumiwa. Mfalme wake anamuua mzee shambani kwa sababu kabila lake limetukanwa. Nchi yake wakati huo ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe.

Dhana: umoja wa mahali, wakati na tukio ni sheria ya Wagiriki

Aristotle alidai umoja wa tukio tu. Kuhusu wakati alisema tanzia hujitahidi kukaa ndani ya mzunguko mmoja wa jua, kuhusu mahali hakuweka sharti. Sheria ya mambo matatu iliundwa na wahakiki wa Italia katika karne ya 16, kisha Wafaransa wakaishikia fimbo. Ile tamthilia ya Aeschylus yenye mahakama inahama kutoka Delphi hadi Athens bila kumwomba mtu ruhusa.

Dhana: ilikuwa maneno matupu, watu wamesimama wakihutubu

Ilikuwa ngoma. Wakati wa Sophocles korasi, yaani kundi la waimbaji, ilikuwa na wanaume 15 walioimba na kucheza uwanjani, wakiongozwa na aulos, mirija miwili iliyopulizwa kwa pamoja, yenye matete kama zumari letu. Tajiri mmoja wa mji alibeba gharama za kuwafundisha. Aristotle alitaka korasi ihesabiwe kama mmoja wa waigizaji, si burudani ya kujazia nafasi.

Wazungu wa siku hizi hupata taabu sana na korasi. Wanaigeuza wasimulizi wawili watatu waliovaa nyeusi. Sisi tuliokulia kwenye kwaya na kiitikio cha taarabu tungeielewa haraka, na waimbaji Wamarekani Weusi walilithibitisha hilo mwaka 1983, pale Lee Breuer na Bob Telson walipompeleka Oedipus mzee, aliyejipofusha, kanisani: The Gospel at Colonus. Anayemwimba mfalme kipofu ni Clarence Fountain pamoja na waimbaji wenzake wa Blind Boys of Alabama, vipofu wa kweli, na korasi ni kwaya ya injili. Kwaya ile haielezi hadithi. Inaitikia, inapinga, inamwombea mgeni, inampokea. Nadhani hapo ndipo mtu wa leo anapoweza kuisogelea zaidi sauti iliyosikika chini ya kilima cha Acropolis.

Dhana: ukilia ukatoka umepoa, hiyo ndiyo katharsisi

Neno hilo la Kigiriki, lenye maana ya kusafisha, kwa maana inayohusu tanzia, linatokea mara moja tu katika kitabu cha Aristotle, na ufafanuzi alioahidi haukutufikia. Lilitumika kwa kusafisha tumbo kwa dawa na pia kwa kutakasa mtu kwa kafara. Hii ya kutua mzigo wa machozi ilipata nguvu kutoka kwa Mjerumani Jacob Bernays mwaka 1857. Inawezekana, lakini si neno la mwisho. Bryan Doerries, mwongozaji wa Marekani, amekuwa akiwasomea wanajeshi wa Marekani na familia zao tamthilia za Sophocles, hasa Ajax, kisa cha askari aliyevunjika akajiua. Baada ya kusoma, jukwaa linanyamaza na watazamaji ndio wanaozungumza. Sophocles mwenyewe aliwahi kuwa jenerali, na sehemu kubwa ya hadhira yake ilikuwa imeshika mkuki. Hapo hakuna anayetoka akiwa ameshamaliza. Wanatoka wameanza.

Dhana: ni mapambano ya mwema na mbaya

Antigone, binti wa Oedipus katika tamthilia ya Sophocles yenye jina lake, anataka kumzika kaka yake. Mtawala Kreon amekataza, kwa sababu kaka huyo aliuletea mji majeshi ya adui. Mwanafalsafa Mjerumani Hegel aliona hapo haki mbili zinagongana. A Separation ya Asghar Farhadi, ya mwaka 2011, imesimama juu ya mhimili huo: kila anayefungua mdomo mbele ya hakimu ana sababu, na kila sababu inamwumiza mwingine.

Katika gereza la Robben Island, Afrika Kusini, wafungwa waliicheza Antigone, na Nelson Mandela akacheza Kreon, mtawala, akaandika baadaye kuhusu ubaya wa kiongozi asiyejua kulegeza. Mwaka 1973 Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona wakatunga The Island, kuhusu wafungwa wawili wanaoandaa tamthilia hiyohiyo.

Dhana: Afrika ni Ugiriki ya kale iliyobaki hai

Hii ni ya wasanii wenyewe, na ilipita kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Pier Paolo Pasolini, mwongozaji filamu wa Italia, alizunguka Tanzania na Uganda na kamera, akitafuta nyuso za kumchezea Agamemnon na Orestes. Alitaka kuihamishia Afrika iliyopata uhuru ile hadithi ya kisasi kinachogeuka mahakama. Filamu kubwa hakuitengeneza. Ilitoka ya maandalizi tu, mwaka 1970. Miungu wake wa kisasi ni miti inayotikiswa na upepo, hakuna mwigizaji, na inatisha kweli. Nampenda kwa kuona kwamba tanzia haihitaji nguzo za marumaru.

Lakini ndani ya filamu hiyohiyo aliwakusanya wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Roma, akawaonyesha picha zake, akawauliza maoni. Mmoja kutoka Ethiopia akamjibu kwamba yeye anaijua Ethiopia, hawezi kuisemea Afrika nzima. Pasolini hakuikata sehemu hiyo. Ameiacha mzima: vijana wameketi, suti na tai, wanamweleza kwa upole mwenyeji wao mahali alipokosa. Na mwaka 1971 S. S. Mushi akamtoa Oedipus kwa Kiswahili, Mfalme Edipode, kwa msomaji ambaye hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba yeye ni wa zama za kale.